Pantaleo na Mazishi ya Mlinzi

Pantaleo Mkude ni fundi cherehani wa barazani, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Cherehani yake imekaa mbele ya duka la vitambaa la Mzee Mbaruk, na duka langu la vifungo na zipu ndilo linalofuata. Kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa sikuhadithiwa, niliyaona mwenyewe nikiwa nimekaa nasubiri wateja. Mimi, Mama Fausta, pia ni katibu wa jumuiya anayoiongoza, kazi niliyopewa kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwapo.

Nianze kwa kusema kwamba Pantaleo hana sura ya kiongozi wa dini. Ni mfupi, sauti yake inakwaruza, na akiimba hutoka nje ya wimbo akarudi anapotaka. Ukizungumza naye akiwa kazini hukusikiliza na pini mdomoni, na kama humjui utadhani amekupuuza. Ni Mluguru wa Matombo, alikuja mjini kijana, akaoa, akazaa, na sasa ni babu. Hajawahi kusema ametokewa na malaika, na kwangu mimi hiyo ni sifa, maana nimechoka na watu wa mji huu wanaotokewa na malaika kila Jumanne.

Kwa asiyetujua, sisi Wakatoliki mambo yetu hayaishii kanisani Jumapili. Familia za mtaa mmoja zinaunda jumuiya, na kila wiki zinakutana kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kusali rozari, kusoma Injili na kujuliana hali. Jumuiya yetu, ya Mtakatifu Monika, ni ndogo. Majirani zetu wengi Kariakoo ni Waislamu, na Wakristo unaowaona mchana wamejaa madukani, jioni wanarudi Mbagala na Kimara. Tunaolala hapa tunajuana wote kwa majina, au tulidhani tunajuana.

Zamani tulikuwa tunakutana Jumapili jioni, na watu walikuwa hawaji. Pantaleo alipochaguliwa mwenyekiti, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuhamisha sala. Akasema, sisi ni watu wa biashara, tukutane Jumamosi alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa. Wote tuliinua mikono. Mimi niliinua wa kwanza, kwa sababu Jumapili jioni napenda kulala. Mahudhurio yakapanda mpaka tukawa tunakosa viti, tukahamia uani nyuma ya mtaa, na paroko, yaani padri wa parokia yetu, akatutaja madhabahuni kama jumuiya ya mfano. Pantaleo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini nilikuwa benchi la nyuma yake na niliona kwamba amefurahi sana.

Sasa kuna jambo la mazishi. Kwenye parokia yetu mtu akifa, paroko hatoki kwenda kuzika mpaka amemwita mwenyekiti wa jumuiya na kumuuliza kama marehemu alikuwa anashiriki. Mwenyekiti akisema ndiyo, padri anakuja na maji ya baraka, kwaya inaimba, mtu anakwenda kwa heshima zote. Akisema hapana, ndugu wanazika wenyewe, na yeyote mwenye sauti anasema Baba Yetu. Utaratibu huu una watetezi wengi sana, wote wako hai.

Pantaleo alikwisha kusema hapana mara moja. Ilikuwa kwa mzee Sirili, aliyekuwa akiishi na mwanawe Kasmir kwenye ghorofa ya pale nyuma ya mtaa wetu. Mzee alikuwa hajaonekana jumuiya muda mrefu. Alipofariki, Kasmir alikuwa China amefuata mzigo wa mikoba na viatu, na paroko alipouliza, Pantaleo akajibu lililo kweli, kwamba hajaonekana. Kasmir alitua uwanja wa ndege asubuhi, akafika makaburini mchana, akakuta baba yake anashushwa kaburini huku binamu mmoja akitafuta maneno ya kusema. Hakugombana na mtu. Tangu wiki ile akaanza kuja jumuiya kila Jumamosi, hakosi, wala hachelewi. Anakaa kwenye kiti kinachomkabili Pantaleo na anasali akimtazama. Watu walisema msiba umemrudisha kwa Mungu. Mimi niliona ni hasira tupu, na kwamba mtu anaweza kuamka alfajiri miaka miwili kwa sababu ya hasira.

Basi akafa Augustino.

Augustino alikuwa mlinzi wa safu yetu ya maduka: la Mbaruk, langu, la Kasmir, na mengine mpaka pale kona. Jioni anaingia tunapofunga, Jumapili anaingia usiku, asubuhi anatoka tunapofungua. Mkewe, Bi Apolonia, anauza samaki wa kukaanga. Walikuwa na chumba cha uani mtaani kwetu, kwa hiyo walikuwa wa jumuiya yetu. Siku hiyo aliamka na kifua kinabana, akapelekwa hospitali, na kabla ya adhuhuri simu ikaja kwamba hatunaye. Mazishi yakapangwa kesho yake.

Turubai lilifungwa uchochoroni, viti vya plastiki vikaletwa, wanawake wakaingia ndani kwa mfiwa na wanaume wakakaa nje. Sisi wa jumuiya tukajikusanya pembeni kujadili lililokuwa limekaa kooni kwa kila mtu. Bi Apolonia alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu, kwamba mume wake azikwe na padri. Na kila mmoja wetu alijua kwamba huyo mume wake, na yeye mwenyewe, hawajakanyaga jumuiya tangu Pantaleo awe mwenyekiti.

Kasmir ndiye aliyelisema.

"Mwenyekiti, mimi na marehemu hatuna ugomvi," alisema, taratibu kabisa. "Alinilindia duka langu vizuri. Ila haki iwe haki. Mzee wangu mlimzika kama mtu asiye na dini kwa sababu haonekani. Huyu naye haonekani. Kwa hiyo ulichosema kwa mzee wangu, kaseme hicho hicho."

"Nimekusikia," alisema Pantaleo.

"Sitaki unisikie tu. Ukisema tofauti, mimi nitataka kujua tofauti yake ni ipi. Mbele ya watu."

Hakuna aliyembishia. Ukweli ni kwamba ombi la Kasmir lilimrahisishia kila mtu kazi. Pantaleo akisema hapana tena, atakuwa mtu wa msimamo, mtu asiyependelea, na lile la mzee Sirili litabaki sahihi. Akisema ndiyo, lile la kwanza linaanza kunuka. Nilimwona anahesabu hayo kichwani, maana alikuwa anasugua kidole gumba chenye sugu ya sindano, kitu anachofanya akipima kitambaa kisichotosha. Nilijua anaelekea kwenye hapana.

Hapo akaja Mzee Mbaruk na mkewe, Bi Mauza. Bi Mauza akaingia ndani kwa wanawake. Mbaruk, ambaye ukoo wao umefanya biashara Kariakoo tangu enzi za babu yake aliyekuja kutoka Hadhramaut, akatupa pole kiti kwa kiti, akakaa karibu na sisi, kisha akaanza kumwongelea marehemu kama watu wanavyomwongelea marehemu.

"Mmepoteza mtu, wallahi," alisema. "Mimi nikitoka msikitini alfajiri lazima nipite dukani. Namkuta pale kizingitini na ile tasbihi yenu. Jumamosi moja nikamwambia, Augustino, wenzio si nawasikia wanasali huko nyuma, mbona wewe uko hapa? Akaniambia, Mzee, nikienda mimi nani atabaki na maduka?"

Alisema hivyo kwa kumsifu, kisha akapokea kahawa iliyokuwa inapitishwa. Sidhani alijua amefanya nini.

Naomba nieleze vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kila Jumamosi tukimaliza sala tulikuwa tunakwenda moja kwa moja kufungua maduka, wengine rozari bado ziko mkononi. Tunamkuta Augustino kwenye ngazi. Yeye ndiye anayeanza, "Tumsifu Yesu Kristo," na sisi tunaitikia, "Milele amina." Anatuambia usiku umekwendaje, anakunja koti lake, anaondoka. Tulisalimiana hivyo miaka mitatu. Tuliihamisha sala ili wenye maduka waweze kuja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba maduka hayo saa hiyo yana mtu. Niliona aibu, halafu aibu ikageuka hasira, nikamkasirikia Mbaruk kwa kusema, kisha nikamkasirikia Augustino kwa kutosema. Mwenyewe nilijua sina haki kwa yeyote kati yao.

Pantaleo aliinuka akaenda mlangoni kwa mfiwa, na mimi nikamfuata, kwa kuwa si vizuri mwanaume kwenda peke yake penye wanawake wamekaa chini. Hakuingia. Alichutama kizingitini, akamwita Bi Apolonia kwa sauti ya chini, na yule mama akajisogeza kwenye mkeka mpaka karibu.

"Mama, pole tena. Nina swali, na kama hutaki kunijibu leo usinijibu. Tulipobadilisha muda wa sala, mlijisikiaje?"

"Tulisema ni sawa. Watu wengi wangepata nafasi."

"Na ninyi?"

"Mimi saa hizo niko Feri, nawahi samaki. Yeye yuko kwenye lindo." Alisema kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. "Alikuja kukwambia, mwenyekiti. Ilikuwa Januari, akakukuta umezungukwa na wazazi na sare za shule. Akarudi akaniambia, mwenyekiti amebanwa, tusimsumbue."

"Hakurudi tena?"

"Alisema mwenyekiti ataona hatupo, atatuuliza."

Pantaleo alisema ahsante, akainuka kwa shida, maana magoti yake si ya kijana. Tulipotoka uchochoroni nilimwambia ninachofikiri, kama ninavyomwambia siku zote.

"Jambo rahisi. Nenda kwa paroko, sema ndiyo, Augustino alikuwa na udhuru. Azikwe. Ya mzee Sirili yaache hapo yalipo."

"Na Kasmir?"

"Atapoa."

"Mama Fausta, huyu mtu amenikalia mbele miaka miwili hajapoa. Na mzee wake nilimfanyia hivi hivi. Sikuuliza."

"Huenda yeye hakuwa na sababu. Huenda alichoka tu na sisi."

"Huenda," alisema. "Si ndiyo ninachokwambia, sijui."

Nilikasirika kidogo. Kuna watu wakipata kosa lao wanataka kulibeba hadharani ili waonekane, na nilidhani na yeye amekuwa hivyo. Lakini hakwenda hadharani. Alikwenda dukani kwa Kasmir, ambaye alikuwa amerudi kufunga, akasimama katikati ya mikoba inayoning'inia, akamwambia twende wote kwa paroko.

"Kufanya nini?" aliuliza Kasmir.

"Ukasikie nitakachosema. Usije ukakisikia kwa watu."

Tukaenda watatu. Paroko wetu ni kijana, msomi, mwenye kazi nyingi kuliko saa za siku, na si mtu mbaya. Alikuwa ofisini na simu mbili mezani. Tukamsalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia, akatuonyesha mabenchi.

"Mwenyekiti, ni la huyu mlinzi? Alikuwa anashiriki?"

"Hakuwa anakuja, Baba. Lakini ni wetu. Saa niliyoiweka mimi ya sala ndiyo saa aliyokuwa analinda maduka yetu. Mke wake naye saa hiyo yuko Feri. Kosa si lao, ni la kwangu. Naomba aje padri."

"Kwa hiyo ni ndiyo."

"Ni ndiyo."

Paroko alimtazama Kasmir, akijua yeye ni nani, na pengine akikumbuka. Mambo yangeweza kuishia hapo. Pantaleo ndiye aliyeendelea.

"Na lingine, Baba. Mzee Sirili, baba yake huyu. Uliniuliza, nikakwambia hapana, ukaniamini. Nami sikuwa najua chochote. Nilijua tu kwamba kiti chake ni kitupu."

"Unaniambia kwamba ulinidanganya?"

"Sikukudanganya. Nilikujibu jambo ambalo sikulijua."

Paroko alivua miwani. "Unaelewa unachokifanya? Jumuiya zote zikisikia hivi, kila asiyehudhuria atakuja na sababu yake."

"Waje nazo, Baba. Kuzisikiliza ndiyo kazi mliyonipa, mimi nikadhani nimepewa kazi ya kuhesabu watu."

Kasmir alikuwa anaangalia sakafu. Paroko akavaa tena miwani yake, akasema kesho baada ya sala ya mchana atakuwa makaburini Kinondoni, na kwamba habari ya uenyekiti itazungumzwa siku nyingine. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. Tuliaga tukatoka.

Nje, Kasmir alisimama kwenye ngazi za ofisi.

"Ulitaka nikusamehe mbele ya padri?" alimuuliza.

"Hapana."

"Vizuri," alisema Kasmir, akaondoka kuelekea Msimbazi bila kutusubiri.

Augustino alizikwa kwa heshima zote. Kwaya iliimba, paroko alinyunyiza maji ya baraka, na Mzee Mbaruk na wenye maduka wote, Waislamu kwa Wakristo, walichukua zamu kwenye jeneza mpaka shimoni. Bi Apolonia alilia kawaida, kilio cha mtu mwenye huzuni isiyo na jambo lingine ndani yake. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa maana nimeona vilio vya aina ile nyingine, vyenye aibu ndani yake.

Watu walipoanza kutawanyika, paroko, akiwa bado na stola, ile skafu ya ibada, shingoni, alimfuata Kasmir katikati ya makaburi.

"Mzee wako si yuko hapa hapa? Tuonyeshe, tupite tumwombee."

Nikaona nyuso za wanajumuiya zinang'aa. Mwisho mzuri huo, ungetutosha wote, na chakula cha msiba kilikuwa kinatusubiri. Hata Pantaleo alipiga hatua.

"Hapana, Baba," alisema Kasmir. "Mzee wangu hatasaliwa kwa sababu mmepita njia. Mtakuja siku yake."

"Siku gani?" aliuliza Pantaleo.

"Nitasema."

Paroko alifungua mdomo, Pantaleo akamgusa mkono, na padri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza alipoombwa kunyamaza. Tulirudi msibani bila mtu kusema mengi.

Ule uenyekiti haukuchukuliwa. Pantaleo aliomba kujiuzulu kwenye kikao, paroko akauliza nani yuko tayari kuishika nafasi, tukaangaliana, na kikao kikafungwa kwa sala. Wanaosema aliachiwa kwa sababu ya toba yake wanapamba tu. Lakini tangu hapo alibadilisha namna yake ya kufanya kazi, na mimi katibu ndiye niliyeumia. Alipita nyumba baada ya nyumba, akikaa kwa kila mtu kwa muda mrefu usio na sababu, akiuliza wanafika vipi, wanalala saa ngapi, nani anawachosha. Kwa wengine aliambiwa kwamba sala ni ndefu. Mama mmoja alimwambia usoni kwamba anaimba vibaya. Alirudi na habari hiyo akinicheka mimi kwa kuwa sikuwahi kumwambia. Sasa tunasali mara mbili, Jumamosi alfajiri na Jumapili jioni, na usingizi wangu wa Jumapili umekwisha. Bi Apolonia anakuja hiyo ya Jumapili, anakaa karibu na mlango.

Na kila wiki, siku yoyote, Pantaleo alikuwa anasimama mbele ya duka la Kasmir.

"Kasmir, siku imefika?"

"Bado."

Anarudi kwenye cherehani yake. Alifanya hivyo mvua za masika zote, mtaa umejaa maji na yeye amepandisha suruali. Alifanya hivyo mwezi wa saba watu wakiwa wamevaa masweta kana kwamba tuko Makete. Kuna siku Kasmir alimjibu huku anapanga viatu, hakugeuka hata kumtazama. Pantaleo aliporudi sikujizuia.

"Anakuchezea huyu," nilimwambia. "Utakwenda mpaka lini?"

Alitoa pini mdomoni. "Siku ni yake. Siwezi kumpangia na hiyo."

"Na asipoisema kabisa?"

"Basi nitakuwa nimempitia kila wiki. Baba yake sikumpitia hata mara moja."

Nikarudi kuuza zipu.

Mwezi wa kumi na moja, ambao sisi tunawakumbuka marehemu, Kasmir alikuja mwenyewe barazani. Alimkuta Pantaleo ameinamia pazia la mteja. Akamwambia, Jumapili, uje wewe peke yako kwanza, padri nitamwita mwenyewe baadaye. Pantaleo akasema sawa. Jumapili ile nilitamani sana kuwafuata, sikuthubutu.

Nilichokijua nilikijua Jumatatu, Kasmir alipokuja dukani kwangu kutaka zipu za mikoba. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, akiwa anachagua rangi.

"Nilidhani atakuja na kitabu asome sala ndefu," alisema. "Hakuja na kitu. Alichutama pale kaburini akasema, Shikamoo mzee. Mimi Pantaleo, mwenyekiti wa jumuiya. Muda mrefu hatukuoni kwenye sala. Una tatizo gani?"

"Halafu?"

"Akangoja. Mama Fausta, alingoja kweli, kama umebisha hodi kwa mtu na unajua yuko ndani. Nikaona haya mzee wangu aulizwe na asijibu. Nikajibu mimi."

Aliweka zipu moja chini, akachukua nyingine.

"Nikamwambia ni magoti. Tuko ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nikamwambia kila Jumamosi mzee alikuwa anavaa shati lake, anakaa dirishani, anawasikia mkiimba uani kule chini, anaitikia. Alikuwa anasema ipo siku watapanda. Na nikamwambia na yangu. Mimi Jumamosi zote hizo nilikuwa nashuka ngazi zile zile kwenda dukani. Nawapita pale uani mmeshika rozari. Sikuwahi kusimama nikawaambia, jamani, mzee yuko juu."

Miaka yote hiyo nilidhani anamtazama Pantaleo, kumbe alikuwa anajitazama mwenyewe.

"Akasemaje?" niliuliza.

"Akaanza kung'oa majani kaburini, na mimi nikachutama upande wa pili tukang'oa wote."